Wimbo wa Dakika Nne

Kwa miaka kumi na miwili taa za jukwaa la kanisa letu hapa Gisenyi zilikuwa mkononi mwangu, na sikutaka mtu mwingine aziguse. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko karibu na soko. Lakini kila Jumapili ya tamasha la kwaya nilikaa nyuma ya ukumbi na kisanduku changu chenye swichi kumi na mbili za kusukuma juu na chini, na watu waligeuka kunitazama. Napenda kutazamwa, sitasema uongo.

Kisha akaja dada mmoja aliyerudi kutoka Uganda, mwalimu wa kompyuta, umri wa binti yangu. Alihudhuria mazoezi mawili akinitazama nikisukuma swichi. Mara ya tatu alileta kompyuta yake na waya mmoja, akaiunganisha na taa zetu, akafungua ukurasa wa maandishi: mistari kama arobaini, kila mmoja na taa yake, rangi yake na sekunde zake. Akabonyeza mara moja, akaweka mikono mapajani. Taa zikapanda, zikageuka buluu, zikashuka polepole kuliko mkono wangu ulivyowahi kuzishusha.

"Unaona, Papa," akaniambia. "Sasa we utakuwa unakaa tu, unasikiliza kwaya."

Aliyasema kwa wema, na ndiyo maana yaliniuma. Pasta akapiga makofi. Mimi nikakunja nyaya zangu, nikasema "Bon," yaani haya, nikaenda nyumbani. Wiki ile nilimshonea mteja koti lenye mikono miwili ya kushoto.

Katika mazoezi ya mwisho nikaliona kosa. Wimbo wa kufunga dada yule aliupima kwa simu akapata dakika nne, akaandika dakika nne. Mazoezini ni kweli, kwa kuwa kwaya huimba kiitikio mara moja ili kutunza sauti. Siku ya tamasha mambo ni mengine. Kwetu kiongozi wa kwaya haufungi wimbo ule maadamu kuna mama hata mmoja ukumbini amesimama anapunga kitambaa. Mwaka mmoja ulifika robo saa. Kompyuta haimwoni mama wala kitambaa chake. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja. Nilinyamaza, tena kwa raha. Mtoto akililia wembe mpe, nilijisemea, ingawa yeye hakuwa amelilia chochote.

Jumapili alasiri mapazia yalifungwa, ukumbi ukajaa. Nilikaa kando yake nimekunja nne. Wimbo wa kufunga ulipoanza, kina mama wakasimama na vitambaa vyao. Kiitikio kikarudiwa, kikarudiwa tena. Dakika nne zilipotimia taa zikashuka kwa ule upole wake, giza likatanda huku watu wakiwa katikati ya neno. Vidole vya dada vikahangaika juu ya kompyuta. Yale maandishi yake yalijua kuanza mwanzo tu, hayakujua kurudi katikati. Mimi nikaingoja aibu yake kama mtu anayengoja sahani yake mezani.

Lakini kwaya ya mji huu imezoea umeme kukatika, na ngoma haitumii umeme. Hawakusita hata kidogo. Waliimba gizani, ukumbi mzima ukasimama, nikasikia watu wakilia mbele yangu na nyuma yangu. Swichi zangu hazikuwahi kumliza mtu.

Mapazia yalipofunguliwa Pasta alitujia macho yamelowa.

"Dada, ile giza ya mwisho ilikuwa muzuri sana. Nani alikupatia ile wazo?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba ni kosa tupu. Dada akaniwahi.

"Ni kosa yangu, Pasta. Nilihesabia wimbo dakika nne. Sikujua kama watarudilia." Kisha akanigeukia, hana hila yoyote usoni. "Papa, we ulikuwa unajua?"

Hata kusema ukweli alinitangulia, na hilo nalo nikamwonea wivu.

"Hapana," nikasema. "Mi sikujua."

Pasta alinitazama. Miaka yote kumi na miwili alikuwa amesimama jukwaani wimbo ule ukiimbwa, akiniona nikingoja kitambaa cha mwisho kishuke ndipo nizime. Aliinama akaanza kupanga viti.