Televisheni ya Mwalimu Kimeli

Mwalimu Kimeli alikuwa mzee wa kanisa nje kidogo ya Eldoret, na kila Jumapili baada ya ibada aliwafundisha wazazi namna ya kuchagulia watoto burudani. Redio saa ngapi, gazeti lipi, muziki gani, yote alikuwa na jibu lake. Basi mwaka wa 1986 ukumbi wa video ukafunguliwa mjini, nyuma ya soko, na mtoto wa kwanza wa kanisa kukutwa humo akawa binti yake mwenyewe, Jeruto, wa miaka kumi na mitano.

Hakumpiga. Alikaa naye, akamuuliza huko kuna nini. Jeruto akasema kuna watu wanachapana ngumi na kuuana, basi. Kimeli aliogopa kuliko siku ile mtoto huyo alipougua surua. Yeye na mkewe Rael walisali wakashauriana, na uamuzi walioufikia ulikuwa wa busara kabisa: walete televisheni nyumbani, waangalie pamoja na mtoto, wazungumze naye, na kipindi kibaya kikija wazime. Mtamba mmoja wa ng'ombe akauzwa kwenye mnada wa soko la Ziwa, televisheni ya betri ikaingia sebuleni.

Walichosahau ni majirani. Kwetu mgeni hafukuzwi, wala haondoki bila chai, na televisheni ilikuwa hiyo moja tu kijiji kizima. Jumamosi ya kwanza walikuja watu kumi na wawili. Ya pili akaja hata mchungaji, akapewa kiti cha mbele. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa ungewapa jembe wangelikalia. Mieleka ilipoanza, ile ya kukabana koo, Kimeli alinyoosha mkono azime. Mchungaji akamwomba kwa upole asubiri kidogo, waone nani atashinda. Utamzimia mgeni, tena mchungaji? Mkono ukarudi.

Jumamosi ya tano, jua likiwa bado juu, Kimeli alikwenda jikoni kuomba chai iongezwe. Rael alikuwa peke yake, anapuliza moto. Jeruto alikuwa nje mlangoni, amevaa sweta yake ya kutokea.

"Unaenda wapi?"

"Town, Baba. Kwa video."

"Na TV iko hapa nyumbani? Si tulinunua juu yako?"

"Hapa mimi ni wa kupika chai tu. Hata pa kukaa sina. Kule nikilipa napatiwa kiti."

Ilikuwa kweli tupu: tangu televisheni iingie, Kimeli hakuwa ameketi mbele yake na binti yake hata mara moja. Alitaka kumwambia angoje, kiti kitapatikana. Akajiuliza atamwinua nani. Mchungaji? Mzee Kipkemboi na mguu wake mbovu?

Wakamwita kutoka ndani kwamba picha imepotea. Hiyo ilikuwa kazi yake. Akapanda ngazi hadi juu ya mabati, akaushika mlingoti wa eria, akauzungusha polepole huku wakimwelekeza: kulia kidogo, rudisha, hapo hapo.

"Usiachilie, Mwalimu," wakasema.

Kutoka pale juu barabara ilionekana yote. Jeruto alikuwa anateremka kuelekea mjini, mikono mifukoni, bila haraka. Kimeli alifungua kinywa amwite, akakumbuka kwamba wageni wangesikia. Akafunga kinywa, akaendelea kuushika mlingoti kwa mikono miwili.