Mshale Uliotetemeka Kakuma

Mpaka leo nikisikia jenereta likinguruma huwa naangalia chini, na mkinisikiliza mtaelewa. Asubuhi hiyo nilitoka Lodwar bila mpango, nina mita ya umeme ya mshale, waya mrefu na misumari miwili, nikapanda lori la vitunguu kwa sababu ndilo lililosimama. Redioni walisema jua limechafuka, na kule kwenye ncha za dunia anga inawaka mianga ya kijani. Mimi (shule niliiacha darasa la saba, lakini simu naisoma) nilijua mianga ile ni umeme unaotiririka juu kabisa hewani, na ukizidi nguvu hata udongo wa mbali, kama huu wetu, hupata mkondo mdogo ambao mtu anaweza kuupima. Lodwar sikuwa na wa kumwambia. Nilitaka, mara moja tu, mtu asimame kando yangu aone.

Kakuma niliteremka jioni, nikapigilia misumari kwenye uwanja nyuma ya maduka, mmoja huku, mwingine kule, waya na mita katikati. Mshale ukalala. Giza lilipoanza kuingia ukatetemeka. Nikaita watu, na kweli wakaja, nikawahubiria habari za ncha za dunia mpaka koo likakauka (mianga huusogeza mshale polepole, haiutetemeshi, hilo nilikuwa nimelisoma, lakini nani angekumbuka akiwa na wasikilizaji?).

Akatokea Mama Nyakim, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini anayeuzia maduka yale umeme wa jenereta kila jioni.

"Wewe kijana, hii waya yako inakula stima yangu?"

"Hapana, mama. Hii inatoka juu."

"Juu, eh? Ngoja nizime jenereta, tuone kama huko juu watabaki na stima."

Akaenda akazima. Maduka yakawa giza, mshale ukalala. Kumbe chuma kinachounganisha jenereta lake na ardhi kilikuwa kimezikwa karibu na msumari wangu, na umeme uliokuwa ukivuja hapo ndio niliokuwa nikiuhubiri.

"Mwizi wa stima huyu," mmoja akasema.

"Mwizi gani, hata taa hana," mwingine akajibu, wakaangua kicheko.

Mama Nyakim hakucheka. "Hapa umekuja kwa nani?"

"Sina mtu, mama."

Kicheko kikakatika, na hapo ndipo nilipoona aibu hasa.

Akanifungulia stoo ya unga. "Lala hapa. Waya lete, nakaa nayo mpaka asubuhi."

Nikajilaza juu ya magunia nikiapa kwamba safari nyingine nitahakikisha kwanza, watu nitawaita baadaye. Nilijua najidanganya. Mshale ukisogea tena, nitaita tu.