Neno Chafu Kwenye Slaidi za Sabuni

Nthoki alikuwa sekretari wa kiwanda kimoja cha sabuni katika mtaa wa Baba Dogo kwa miaka tisa. Alianza na taipureta. Kompyuta zilipoingia, alijilipia masomo ya Jumamosi kwa Ruqaiya, mwalimu aliyekuwa na kompyuta nne kwenye chumba cha ghorofani, mtaa wa Mowlem. Pale kiwandani hapakuwa na mwingine aliyejua kutengeneza slaidi, kwa hiyo kila mkubwa alipotaka kusimama mbele ya watu, kazi ilimwangukia yeye.

Machi 1999 meneja wake, Bwana Muthama, alimletea disketi. Wenye maduka wangekusanyika katika ukumbi wa kanisa moja Huruma kuonyeshwa sabuni mpya ya kufulia, na meneja alitaka slaidi zenye picha zinazocheza kama za rafiki yake. Mfano ulikuwa mle ndani ya disketi.

Nthoki alipoufungua, kisanduku kilitokea kwenye skrini kikionya kwamba faili ile ina makro, yaani amri zilizofichwa ndani yake ambazo kompyuta ingezitekeleza yenyewe. Kiliuliza: aziruhusu au azizuie? Ruqaiya alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kwamba faili usiyojua ilikotoka, unazuia. Nthoki akamweleza Muthama kwamba huenda ndani mna kirusi cha kompyuta, na kwamba programu ile haikuwa na kinga nyingine ila swali hilo moja.

Muthama alisema amri zikizuiwa picha hazitacheza. Akainama juu ya bega lake, pumzi ikinuka sigara na kitunguu, akaufunika mkono wa Nthoki kwa wake uliolowa jasho, akabonyeza kipanya kuziruhusu. Ule mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nthoki aliinuka, akaenda kunawa hadi kwenye kiwiko.

Siku hiyo hapakuonekana kasoro. Slaidi zilikamilika, wakazijaribu Ijumaa, zikaenda sawa. Jumamosi, tarehe ishirini, watu sitini waliketi ukumbini, mchungaji akafungua kwa sala, projekta ikawashwa. Slaidi ya tatu ilipotokea, chini ya mche wa sabuni palikuwa na neno la matusi kwa herufi nyekundu, tusi la sehemu za siri za mwanamke. Slaidi ya nne nayo hivyo hivyo. Na ya tano. Mchungaji akatazama sakafu. Huko nyuma mtu alicheka.

Muthama akageuka, akamnyooshea Nthoki kidole.

"Muulizeni huyu," alisema. "Yeye ndiye aliyeandika."

Jumatatu Nthoki alikuta barua mezani, ambayo meneja alikuwa ameichapa mwenyewe kwa vidole viwili, imejaa makosa. Ilisema kwamba yeye, Nthoki, alikiri kuandika tusi lile kwa chuki. Atie sahihi apewe onyo, au afutwe kazi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaichukua pamoja na ile disketi. Jioni alikuwa Mowlem.

Ruqaiya alifungua faili ya mfano huku amezuia makro, kisha akaingia mahali amri zenyewe zinapoandikwa. Tusi lilikuwa pale, na juu yake sharti: litokee ikifika tarehe ishirini ya mwezi. Amri nyingine zilikifanya kirusi kijinakili ndani ya kila slaidi mpya iliyotengenezwa kwenye kompyuta hiyo. Faili ilikuwa imehifadhiwa tangu Januari, katika kompyuta ya mtu mwingine.

Disketi ilikuwa na faili ya pili, iliyoitwa "Ripoti". Nthoki alidhani ni ya kazi. Zilikuwa slaidi ishirini za wanawake uchi, kila moja na mzaha wake chini, na amri zilezile ndani. Nthoki aliinuka, akaenda kufungua dirisha. Miaka tisa alikuwa akiupokea mkono wa mtu yule kila asubuhi.

Ruqaiya aliifunga faili. "Dada Nthoki," alisema, "usimrudishie disketi hii kabla mwenye kiwanda hajaiona kwa macho yake."

Mwenye kiwanda, Mzee Dirie, aliiona kesho yake. Alitazama slaidi chache, akaomba skrini izimwe, akaichana ile barua vipande vipande. Akamwambia Nthoki kwamba hana kosa, ila mambo yale yasitoke nje ya chumba.

"Nilisingiziwa mbele ya watu sitini, mzee," Nthoki alisema. "Nisafishwe mbele yao."

Dirie alijibu kwamba wateja hawataelewa habari za makro, na kwamba Muthama ndiye anayewajua wanunuzi wakubwa. Akampa likizo ya mwezi mzima. Alizungumza kwa upole, na upole huo ulimchefua Nthoki kuliko zile picha. Aliandika barua ya kuacha kazi kabla ya saa sita mchana.

Kisha akaandika nyingine ya ukurasa mmoja, akieleza disketi ilitoka kwa nani, nani alibonyeza na kirusi kilifanya nini. Anwani za wenye maduka alizijua kwa kichwa. Kwa wiki mbili alizunguka Huruma hadi Mowlem, duka kwa duka, akiwapa nakala mkononi. Baadhi walisema mambo ya kompyuta hawayajui. Wachache walisoma hadi mwisho.

Mama Adoyo, mwenye duka la Huruma, alisoma akiwa amesimama, kisha akasema hata siku ile ukumbini alijua ni uongo, maana alimwona Muthama akitetemeka midomo kabla hajanyoosha kidole.

"Mbona hukusema, mama?" Nthoki aliuliza.

Adoyo alianza kupanga mikate iliyokwisha kupangwa. Akamkaribisha soda. Nthoki alikataa, akaenda duka lililofuata.

Kuanzia Mei alikuwa mwalimu wa pili katika darasa la Ruqaiya. Muthama alibaki meneja, na slaidi zake alitengenezewa na sekretari mpya. Mtu akimtaja, Nthoki hakuficha kwamba jina lile bado linamtia kichefuchefu.