Ubeti Uliokosa Nafasi kwenye Santuri

Ilani ya kampuni inayohifadhi blogu yangu iliingia Jumanne, tarehe nne Machi, nilipokuwa nimeketi mezani kwangu mtaani Ziwani nikisafisha sauti ya santuri ya jirani. Ilisema kwamba wimbo mmoja umeondolewa kwenye blogu yangu kwa sababu mwenye hakimiliki amelalamika, kwamba hilo ni lalamiko la pili, na kwamba likija la tatu blogu nzima itafungwa. Niliisoma mara mbili nikiwa nimeketi, kisha nikaisoma tena nikiwa nimesimama, kana kwamba maneno yangelegea nikiyatazama kutoka juu.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mume wangu.

Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Siku za wiki alivaa ovaroli, na Jumamosi alivaa suti na kuimba katika bendi ya vijana wa mitaa yetu, bendi iliyopiga katika kumbi za jamii na harusi za watu kutoka magharibi ya nchi. Katika maisha yake yote sauti yake iliingia kwenye santuri moja tu, upande wa kwanza. Alifariki tarehe ishirini na moja Juni. Mwaka siuandiki, kwa kuwa wanaonijua wanaujua.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa tayari na wajukuu, katika darasa la watu wazima Shauri Moyo, na silioni jambo hilo kuwa la aibu. Kabla ya hapo sikuwa na kalamu ya kuninusuru, hivyo kila tarehe niliiweka kichwani: siku tuliyohamia, siku mtoto alipoota jino, siku mvua ilipong'oa paa la choo. Nilipojua kuandika, nilikuta ghala limejaa. Ndiyo maana blogu yangu haikufanana na za wenzangu. Majirani waliniletea santuri kutoka chini ya vitanda, benga, rumba, hata taarabu za mama mmoja wa Eastleigh, nami nikazinakili kwenye kompyuta na kuzipakia ili kila mtu azisikilize bure. Chini ya kila wimbo niliandika bendi, mahali uliporekodiwa, tarehe, mwimbaji na mtunzi. Wengine huandika "ngoma ya zamani" na kuondoka. Mimi siwezi.

Chini ya wimbo wa mume wangu niliandika: Mwimbaji na mtunzi, marehemu mume wangu. Na chini ya maneno hayo watu waliandika yao. Mmoja alikuwa amefanya kazi naye karakana moja, akakumbuka jinsi alivyoimba huku akigonga bolti. Mwanamke mmoja, aliyeko ng'ambo sasa, alisema alijifunza kucheza dansi kwa sauti hiyo. Kila asubuhi niliyasoma kabla ya chai. Wimbo nilikuwa nao kwingine, kwenye kompyuta na kwenye flashi. Ule ukumbi wa watu waliomkumbuka ndio ambao sikuwa nao popote pengine, na sasa palikuwa na karatasi nyeupe na mstari mmoja wa Kiingereza.

Nilimpigia simu mzee wa Kaloleni aliyekuwa na blogu kama yangu hadi Januari, ilipofungwa bila hata kwaheri.

"Dada, usibishane nao," aliniambia. "Mimi nilibishana mwezi mzima, kumbe nabishana na mashine. Omba msamaha, upitishe siku."

"Niombe msamaha kwa kumpenda mume wangu?"

"Omba tu. Wao hata hawajui ulimpenda."

Sikuomba. Lakini sikutulia pia. Nilifagia palipofagiwa. Nilitembea hadi soko la Gikomba nikarudi bila kununua hata nyanya. Nilifungua ukurasa, nikaufunga, nikaufungua, kama mtu anayechungulia jiko alilokwisha kulizima. Lalamiko la kwanza lilikuwa limetoka kwa kampuni ya mbali, kuhusu wimbo mwingine kabisa, nami nikalimeza. Hili la pili lilikuwa na jina la mlalamikaji, nalo lilikuwa jina la ukoo nililolijua vizuri: la mpiga gita wa bendi ya mume wangu. Wengine wote wa bendi ile wamekwisha kuondoka duniani. Sikuwa nimemwona tangu tulipomzika mke wake.

Jumamosi, tarehe nane, nilivaa kofia yangu ya kanisani na kwenda Tassia, anakoishi na mwanawe katika ghorofa ya tano. Nilizipanda ngazi bila kupumzika, ili nisipate muda wa kufikiri maneno ya upole.

Mzee mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

"Shemeji! Nilipoona kofia ya kanisani siku ya Jumamosi nikajua nimekufa na hakuna aliyeniambia."

"Hujafa. Umenilalamikia."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Mwanawe, mtu mzima mwenye watoto, ingawa kwangu bado ni kijana, alinyanyuka kwenye kiti na kunipisha.

"Mama, shikamoo. Si mimi binafsi. Nilisajili ngoma za mzee na kampuni moja hivi, ili zikichezwa kwa simu za watu ijulikane ni zake. Hao wakiona wimbo mahali bila ruhusa, wanautoa. Ni mashine inafanya."

"Marahaba. Na ni mashine iliyosema baba yako ndiye mtunzi?"

Kijana alimtazama babake. Mzee alikuna kidevu.

"Hilo nilisema mimi," alijibu. "Keti, shemeji. Huwezi kugombana na mtu mzima ukiwa umesimama."

Niliketi ukingoni mwa kiti.

"Ukurasa wako nimekuwa nikiusikiliza kila Jumapili," alisema. "Huyu ananifungulia. Nasikia gita langu, nafurahi, nasema asante shemeji. Siku moja nikamwambia anisomee yaliyoandikwa pale chini. Akasoma: mtunzi, marehemu mume wangu. Nikamwambia rudia. Akarudia. Hata chai sikuimaliza."

"Aliutunga nyumbani kwangu. Nilikuwepo. Aligonga sufuria na kuuimba kabla hamjaenda studio."

"Alikuwa akijifunza. Mimi ndiye niliyemfundisha, baada ya kanisa, nyuma ya zile nyumba za Shauri Moyo. Nilimpa auimbe kwa sababu mimi sauti sina. Unajua sauti sina."

"Hilo nalijua. Mtaa mzima ulilijua."

Kijana aliziba kicheko kwa kiganja. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hoja yangu kubwa, niliyoibeba tangu usichana, na sikuwahi kuitoa mbele ya mtu. Wimbo ule unamsimulia mwanamke mkaidi aliye nyuma ya mlango wa kijani, ambaye hafungui mpaka mwanamume aliye nje ataje siku aliyoahidi kuja. Nani mwingine katika mitaa yote ya Eastlands angemuuliza mwanamume tarehe kwanza, ndipo amfungulie?

"Ule wimbo ni wangu," nikasema. "Nilitungiwa mimi. Mlango wetu ulikuwa wa kijani."

Mzee alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Shemeji, tulikaa nyumba za baraza la jiji. Milango yote ilikuwa ya kijani."

Ni kweli. Fundi wa baraza alikuja na ndoo moja ya rangi, akapaka safu nzima, mlango baada ya mlango. Nilikuwa nikipita mbele ya milango hiyo kila siku nikienda kuchota maji. Miaka yote hiyo nimeukumbuka mlango wangu tu.

"Kulikuwa na ubeti wa tatu," aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Fundi wa studio alisema upande mmoja wa santuri hautoshi. Tukaukata. Mumeo aliusikitikia kuliko mimi."

"Uimbe."

"Shemeji, vidole vimekauka. Gita nililiuza."

"Sikusema upige. Nimesema uimbe."

Aliimba huku akigonga meza kwa pete yake. Sauti ilikuwa mbaya kama zamani, na uzee haukuisaidia. Lakini ubeti ulikuwa ule ule wa wimbo wetu, mwendo wake, mahali pake pa kuvuta pumzi. Mlango wa kijani unafunguka, na mwanamke anayetoka ananukia samaki wa kuokwa, na kwenye kifundo cha mkono ana kovu la moto linalofanana na jani.

Kovu lile nalijua. Wiki yangu ya kwanza mjini, nikiwa sijui hata duka liko wapi, mkono wenye kovu hilo ulinipa samaki wawili, nao haukupokea chochote nilipojaribu kuulipa. Mwenye mkono huo aliuza samaki Gikomba hadi miguu ilipomkataa. Sasa alikuwa ukutani, juu ya kichwa cha mumewe, ndani ya fremu yenye maua ya plastiki.

"Nilimzika tarehe kumi na tisa Novemba," mzee alisema, kwa kuwa niliitazama picha.

"Ishirini," nikasema. "Ilikuwa Jumatano. Kumi na tisa tulikesha."

"Unaona?" alimwambia mwanawe. "Ndiye huyu. Mlango wake hata kuugonga tuliogopa."

Kijana alisogea mbele. Alisema kwamba nikibadilisha ule mstari mmoja, yeye ataliondoa lalamiko siku hiyo hiyo. Alilisema kwa adabu. Hata hivyo shingo yangu ilikakamaa. Nilimwambia kwamba sibadilishi neno lolote kwa kutishwa na kampuni, ya hapa wala ya ng'ambo, na kwamba nikibadilisha, nitakuwa nimebadilisha kwa sababu nimesikia. Kisha nikatoa simu yangu, nikaiweka mezani, nikamwomba mzee aimbe tena, tangu mwanzo, beti zote tatu. Katikati mjukuu alilia chumba cha pili na mtu akapiga honi barabarani. Sikumkatiza.

Niliporudi Ziwani sikuvua kofia kwa muda mrefu. Si jambo jepesi kuuvua wimbo uliouvaa tangu ujana. Nilijiuliza kama mume wangu alijua kwamba nauhesabu kuwa wangu. Bila shaka alijua. Aliponiimbia akigonga sufuria, hakusema ni wangu, na hakusema si wangu. Nilimkasirikia kwa hilo Jumapili nzima, naye hayupo wa kunijibu, kisha nikakumbuka kwamba nami sikumuuliza kamwe.

Jumatatu, tarehe kumi, niliandika upya: Mwimbaji, marehemu mume wangu. Mtunzi, mpiga gita wa bendi, aliyeutunga kwa ajili ya marehemu mke wake, muuza samaki wa Gikomba. Nilipakia pia sauti ya mzee, pamoja na mtoto na honi, nikaeleza kwamba huu ndio ubeti uliokosa nafasi. Kijana aliondoa lalamiko lake. Kwa siku tatu kampuni inayohifadhi blogu haikusema lolote, nami nikafagia tena palipofagiwa.

Ukurasa ulirudi Alhamisi asubuhi. Yule wa karakana alikuwepo, na mwanamke wa ng'ambo, kila mmoja mahali pake, kama watu waliosimamishwa nje kwenye mvua na sasa wameketi. Nilisoma yote kabla ya kuteleka chai. Lalamiko la kwanza bado lipo, na kampuni ile ya mbali haijibu barua. Kila siku sasa nanakili maneno ya watu kwa mkono wangu, ukurasa mmoja baada ya mwingine, kwa maana sijui ni asubuhi ipi nitakuta karatasi nyeupe tena. Usingizi wangu umekuwa mwepesi.

Chini kabisa palikuwa na ujumbe mpya kutoka Tassia, ulioandikwa na mwana kwa kinywa cha baba: "Shemeji, asante. Lakini umekosea tarehe. Tulirekodi Septemba, si Agosti."

Nilimjibu papo hapo. Mlirekodi Jumamosi ya mwisho ya Agosti, nikaandika, kwa kuwa mume wangu alirudi kutoka studio akanikuta nimeshika ukuta kwa uchungu, na kifungua mimba wetu akazaliwa kabla ya Jumatatu. Mtunzi nimekupa. Agosti sikupi.