Miezi Mitatu ya Kumwachia Ndama Maziwa

Mume wangu ni bwana shamba, na siku zile alikuwa mla nyama asiye na mpinzani katika Tukuyu nzima. Kwa hiyo aliporudi kutoka semina Mbeya akatangaza kwamba kuanzia kesho yake nyumbani kwetu hapaliwi nyama, mayai wala maziwa, nilimshika paji la uso nione kama ana malaria.

"Sina homa," alisema. "Misitu inakatwa ili ng'ombe wapate malisho. Tena wakicheua wanatoa gesi inayoongeza joto duniani. Sisi tuna ndizi, maparachichi, maharage. Tutakosa nini?"

Nilikubali. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, harufu ya nyama ikinitapisha, nikaona Mungu amenisikia.

Kasheshe ya kwanza ilikuwa chai. Watoto wetu wawili walizoea chai ya maziwa ya ng'ombe wetu. Nikasaga soya, nikachuja, nikamimina. Maziwa yale yakakatika vipande vipande. Mkubwa akachungulia kikombe, akauliza kwa heshima zote, "Mama, hii tunakunywa au tunakula?"

Maziwa ya ng'ombe tulimwachia ndama wake anyonye apendavyo. Ndama akanenepa hadi majirani wakaja kuuliza tunampa pumba gani.

Halafu mkaa. Maharage yalichemka tangu asubuhi hadi mchana, gunia likaisha kabla ya nusu ya mwezi.

"Unaokoa misitu ya dunia," nilimwambia, "huku unachoma ya hapa kwetu Rungwe."

Jioni hiyo nilimkuta jikoni anayaloweka maharage mwenyewe, na kweli, kesho yake yaliiva upesi.

Mwezi wa tatu tangu tuache nyama, mama mkwe akaja kutoka Kisondela kwa bodaboda, amepakata kuku jike aliyefungwa miguu. Zawadi yangu. Mume wangu akajikohoza, akamweleza mama yake habari zote za misitu na gesi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekeza kidole bandani.

"Na huyu ng'ombe mnamfugia nini?"

"Mbolea ya migomba, mama."

"Kumbe mnamfuga ili anye."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mama hata hivyo alikula ndizi nilizopika kwa karanga, akaongeza sahani ya pili, akafuta mdomo. "Ndaga fijo," alinishukuru kwa Kinyakyusa. "Ni tamu. Ila kuku huyu sikumletea mwanangu na misitu yake. Ni wa mjukuu wangu aliyemo tumboni. Akitaga, ule mayai."

Wiki ile nilikwenda kliniki. Muuguzi akaniuliza ninakula nini. Nilimtajia vyote kwa maringo, naye akayasifu maharage na majani ya maboga. Kisha akauliza, "Na vitamini B12 unaipata wapi?" Akanieleza taratibu kwamba hiyo haipatikani kwenye mimea, na mtoto tumboni anaihitaji: ama nimeze vidonge vyake, ama nirudie mayai na maziwa.

Nilimfikishia mume wangu maneno hayo nikijiandaa kwa mabishano. Yeye aliyekuwa amebishana na mtaa mzima alichukua ndoo, akaenda bandani kukamua. Ndama alilalamika siku tatu mfululizo.

"Ningekudhuru," aliniambia jioni ile aliporudi na maziwa, sauti imemshuka, "na huku najiona mwerevu." Nilimpokea ndoo.

Siku hizi mimi na watoto tunakunywa maziwa na kula mayai. Nyama ni ya sikukuu tu, na ajabu ni kwamba hakuna anayeiulizia. Mume wangu hadi leo hagusi chochote cha mnyama. Anameza vidonge vyake, kisha anakula parachichi zima kwa kijiko, amesimama mlangoni.

Mtoto alizaliwa wakati wa masika, mzito, mwenye sauti kubwa. Mama mkwe alipompakata alitangaza kwamba mashavu yale ni ya kwake yeye, bibi yake, nami sikuwa na nguvu za kumpinga.