Ndizi Moja Isiyomenywa

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Kimuli mtaniunga mkono, hadithi ilikuwa na harufu. Ilinukia utomvu wa ndizi, moshi wa kuni mbichi, na buni iliyoanikwa uani ikasahauliwa mpaka umande ukaishukia. Kitabu cha hadithi hatukukijua. Tulikuwa na bibi, mama yake baba, na bibi alikuwa na kisu kidogo kilicholika kwa kunolewa. Kila jioni, jua likianza kuegemea upande wa rweya, yale majani ya wazi wanakolisha ng'ombe ng'ambo ya kibanja chetu cha migomba, bibi aliketi kwenye jamvi, akavuta beseni la ndizi, akasema, "Nilifika nikaona." Nasi tukamjibu kwa pupa, "Ona, nasi tuone!" Hapo tena hata kuku walitulia.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binti yangu Anitha. Anasoma chuo Mwanza, na likizo hii amerudi na begi zito la riwaya. Akaniambia, "Mama, hizi ni riwaya za giza." Mimi nikadhani anazungumzia umeme unavyokatika. Kumbe ni hadithi za mizimu, wafalme wala watu na miji isiyokuwepo duniani, na vijana wa siku hizi wanazipigania kama sisi tulivyopigania ukoko. Akanichagulia tatu. Mimi nauza vitenge Omurushaka, na siku isiyo ya gulio mteja anaweza kuja mmoja, akashikashika kitambaa, akaondoka. Basi nikazisoma dukani, zikanikolea. Jioni nikirudi nyumbani Chonyonyo namsomea mama yangu, maana macho yake siku hizi hayapatani na herufi ndogo. Yeye anamenya ndizi, mimi nasoma.

Niseme mapema kinachonikaa rohoni. Kesho asubuhi mama anapanda basi kwenda Bukoba kupasuliwa tumbo. Umri wake ni mkubwa, na mimi naogopa.

Riwaya ya kwanza inahusu mji ulio chini ya ziwa, ambako watu hununua mahitaji yao kwa vivuli. Ukitaka mkate unakatiwa kipande cha kivuli chako, kidogo kidogo, mpaka siku unapopanda juu kusalimia ndugu zako unasimama juani na ardhi haioneshi kwamba upo. Jamani, mwanzo wake ni mtamu! Nilisoma nikajiona nimo ndani ya yale maji ya kijani, nasikia kengele za sokoni zikilia kwa mbali. Lakini mwandishi ameupenda mji wake kupita kiasi. Kila uchochoro anauelezea, kila nguzo, kila taa, na msichana tuliyekuwa tunamfuata tunamsahau huko nyuma. Mama alisikiliza jioni nzima, mwisho akasema, "Huyu mwandishi amepotea njia, na anaona aibu kuuliza." Baadaye akaniuliza tena, "Huo mkate wanaonunua, nani ameuoka?" Nikarudi nyuma kurasa nyingi kutafuta. Hakuna. Mji mzima unakula na hakuna mpishi.

Bibi asingefanya kosa hilo. Katika hadithi zake hata zimwi lilikuwa na jiko, na tulijua linapika nini na kuni zake linaokota wapi. Zimwi lenyewe aliliita Rumira, kwa Kinyambo, yaani mmezaji. Lilikaa kwenye mafunjo bondeni, pale pale tulipopita asubuhi kwenda shule. Mnazikumbuka zile asubuhi? Ukungu umejaa bondeni mpaka migomba inaonekana vichwa tu, miguu peku imekufa ganzi kwa umande, kiazi cha moto umekificha mfukoni kikupashe paja kabla hakijakupasha tumbo. Tukifika kwenye mafunjo tulishikana mikono tukatimua mbio bila kugeuka nyuma, na aliyebaki mwisho alilia. Jioni tuliporudi tulipita pale pale tukiwa mashujaa, tukipiga mpira wa majani makavu ya migomba na kumtukana Rumira kwa sauti, ilimradi jua bado lipo. Msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, ndio usiseme. Tuliingia mpaka katikati ya yale mafunjo, midomo inanuka mafuta, na zimwi tukalisahau kabisa.

Riwaya ya pili imenitisha kweli. Yupo mfalme anayekula majina ya watoto, na jina likishaliwa, mama aliyemzaa mtoto huyo anamsahau. Kuna mwanamke kila siku anapakua mabakuli mawili, la pili anakaa akilitazama, hajui ni la nani. Niliposoma hapo kisu cha mama kilisimama. "Huyo aliyeandika amewahi kulea," akasema. Hiyo ndiyo riwaya ninayoisifu mbele ya watu. Anitha yeye anapenda vita vya mwishoni, upanga wa moto na meno ya mfalme. Nikamwambia, "Mwanangu, meno kila mnyama anayo. Bakuli ndilo la kuogopa." Akacheka, akaniambia mimi ni mtu wa zamani. Sawa, na niwe.

Bakuli hilo nalijua. Nilipokuwa mdogo, nimeanza shule juzijuzi, mama aliumwa. Tumbo lilimvimba, akawa hawezi kusimama. Wanaume wa kijiji wakambeba kwa machela, wakipokezana mabegani, mpaka barabarani ambako gari lingepita. Nakumbuka blanketi lake la mistari likipungua kati ya migomba, na baba akitembea pembeni ameshika kata ya maji. Tukabaki na bibi. Hapakuwa na simu ya kuuliza habari. Habari ilikuja na mtu akija, na mtu asipokuja ulikaa hivyo hivyo.

Jioni ile ile bibi akavuta beseni. Akaanza hadithi mpya, ya mama mmoja aliyemezwa na Rumira alipokwenda kukata majani ya kufunikia chungu. Lakini mama yule hakufa. Humo tumboni alikuta nafasi pana kama kibanja, akapanda migomba, akatandika majani akalala, asubuhi akafagia. Kila jioni bibi aliongeza kidogo: leo ndizi zimechipua, leo amepata jirani, mzee aliyemezwa zamani, amempa mbegu za maharage. Na kila jioni, ndizi zikikaribia kwisha kwenye beseni, hadithi ilikatwa. Bibi aliacha ndizi moja na maganda yake, akaisukuma pembeni, akafuta kisu.

Nilikasirika sana. Mimi mtoto wa hasira tangu zamani, waulizeni wanaonijua. Nikaidaka ile ndizi nikamwambia, "Menya na hii, bibi! Maliza!" Bibi akanitazama kwa upole hadi nikainamisha macho. "Mjukuu wangu," akasema, "hadithi haifungwi mtu wa nyumbani akiwa njiani. Tukiimaliza sisi, mama yako atarudi kusikia nini?" Ndiyo ilikuwa desturi yake, ya yeye na mama zake waliomtangulia. Akisafiri mtu, akilazwa mtu, ndizi moja haimenywi. Kuanzia siku hiyo mimi ndiye niliyeitunza. Ikiiva na kulainika tunaweka nyingine mbichi. Shuleni nilikuwa nikiwaza, je, paka akiila? Nilikimbia nyumbani nikiyapita hata mafunjo, Rumira mwenyewe simwoni.

Mama alirudi siku ya mvua. Aliteremshwa barabarani, akaja akitembea kwa miguu yake, amekonda mpaka pete inacheza kidoleni. Sikumkimbilia. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeikumbatia ndizi. Wageni waliposalimia wakaondoka, bibi akamkalisha mama ukutani penye joto la moto, akamkabidhi kisu na ile ndizi, akamwambia, "Hii ni yako, ilikungoja." Mama aliimenya taratibu, ganda likashuka kipande kwa kipande, na bibi akafunga hadithi: mama wa tumboni alivuna maharage yake, akakoka moto ayapike, moshi ukampanda Rumira puani, akapiga chafya, na watu wote wakatoka wakiwa na mbegu zao mikononi. Tulicheka, na mama alicheka amejishika tumbo, halafu tukalia wote, sijui nani alianza.

Sasa riwaya ya tatu. Ni ya msichana anayeota manyoya mwilini kama ndege mweusi, na kila anaporuka nchi inaungua chini yake. Lugha yake ni nzuri mno, kuna kurasa nilizozisoma mara mbili kwa ajili ya utamu tu, ndoto tupu. Lakini Anitha ana tabia ya kizazi chake, anaanzia ukurasa wa mwisho. Anasema anataka ajue mapema kama atalia. Huyo ndiye aliyeninong'oneza, "Mama, mwishoni wanakufa wote. Hata yule mtoto." Nikahakikisha mwenyewe. Kweli, majivu matupu, na mwandishi anaona kuua wote ndiyo busara. Mimi siafiki. Kumeza watu ni rahisi, hata Rumira aliweza. Kazi ni kuwatoa.

Wiki nzima nimekuwa nikisoma polepole. Leo tumebakiwa na sura moja, na tangu mchana mama anasema, "Leo tunamaliza, sitaki kwenda na kiporo." Nimeingia jikoni. Mfuko wake wa safari uko tayari karibu na mlango, kanga imekunjwa juu yake. Nitamsomeaje mama yangu majivu usiku wa kuamkia kisu cha daktari? Nikafikiria kubuni mwisho mwingine, lakini mama yule ukimdanganya anajua kabla hujamaliza kupumua. Nikafungua kitabu. Nikasoma mistari ya kwanza, nikaishia hapo. Nikajifanya nakohoa moshi.

"Pumzika," mama akasema.

Nilipoinua macho beseni lilikuwa limebakiwa na ndizi moja. Mama aliichukua, akaigeuza, akaipangusa vumbi kwa kidole gumba. Nilingoja kisu kiingie. Akaisukuma pembeni, akafuta kisu kwenye jani.

"Funga kitabu, mwanangu. Tutamalizia nikirudi."

Nilikifunga. Machozi yalinishuka, na safari hii moshi haukuhusika.

Enzi zetu hatukuwa na simu, wala umeme, wala riwaya hata moja, na giza lilikuwa giza kweli. Ila hadithi ilijua kumngoja mtu. Watoto wetu wanapata mwisho wa kila kitu papo hapo, wanautafuta kwenye simu hata chai haijapoa, nao ni wajanja kuliko sisi, sikatai. Nawaonea huruma kidogo tu, kwamba hakuna aliyewahi kuwanyima mwisho kwa sababu anawapenda.

Anitha aliingia kuchukua ndizi azipike. Akachungulia beseni.

"Bibi, umesahau moja."

"Sijasahau," mama akamjibu.

Anitha akanitazama, mimi nikamwambia ailete hapa. Nikaiweka rafuni juu ya kitabu kilichofungwa. Akaanza kulalamika kwamba utomvu utaliharibu jalada na kitabu chenyewe ni cha kuazima. Nikamwambia auache tu uharibu, na bibi yake akirudi ndiye atakayeimenya.