Balbu ya Kushoto

Nimefundisha fizikia miaka ishirini na miwili, na sijui ni mara ngapi nimechora saketi ya umeme ubaoni: betri, swichi, balbu. Kwa hivyo taa ya mbele ya gari letu ilipokufa, sikuona haja ya kumsumbua makanika.

Ilikuwa Alhamisi jioni, naingiza gari uani kwetu, mtaa wa Section 58. Mke wangu alikuwa amesimama mbele ya gari akinielekeza nisigonge tangi la maji. Akaniambia taa moja haiwaki. Nikamuuliza ni gani. "Ya kushoto," akasema, akaingia ndani kuangalia sufuria yake.

Jumamosi alfajiri tulikuwa tusafiri hadi Longonot kumwona mama yake. Barabara ile huwa na ukungu ukikaribia Gilgil, na huwa na askari wa trafiki pia, ambao ukungu hauwazuii kuona. Basi Ijumaa, baada ya vipindi, nikaenda mjini kwenye maduka ya spea.

Muuzaji wa kwanza aliniuliza gari ni la aina gani, nikamtajia, akanipa balbu bila kuondoa macho kwenye simu yake. Nikafungua boneti palepale kando ya barabara. Mtu wa kawaida angeshika taa iliyo kushoto kwake. Mimi nilikumbuka kwamba pande za gari hutajwa kwa kumfuata dereva aliyeketi kwenye usukani, hivyo kushoto ni upande wa abiria. Nikajipongeza kimoyomoyo, nikaingiza mkono.

Ilinichukua karibu nusu saa kuitoa balbu ile, na ngozi ya vidole viwili ilibaki humo ndani. Nilipoilinganisha na ile mpya, yangu ilikuwa na miguu miwili, mpya ilikuwa na mitatu. Muuzaji akanibadilishia, akanipa ya miguu miwili, ila shingo yake ilikuwa nene. Akasema itaingia tu nikisukuma. Nilisukuma mpaka nikaona aibu, nikamrudishia.

Ndipo nikaifunga balbu yangu kwenye leso, nikavuka barabara hadi duka lingine. Nyuma ya kaunta palikuwa na mama wa makamo aliyevaa ovaroli ya buluu, miwani imening'inia kifuani.

"Mwalimu," akasema.

Sikumkumbuka. Akanieleza kwamba nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne, aliketi karibu na dirisha, na nilimpa D. Alisema hayo bila kinyongo, kama mtu anayetaja kijiji alichozaliwa. Nikamwambia nimefurahi kumwona anaendelea vizuri. Akafungua leso yangu, akaishika balbu kwa karatasi laini, akaniuliza kama nimekuwa nikikigusa kioo chake kwa vidole. Nilikuwa nimeigusa kila mahali. Akasema mafuta ya mikono huiua balbu ya aina hiyo kabla ya siku zake, akaipangusa taratibu. Kisha akaiunganisha na betri iliyokuwa hapo kaunta.

Ikawaka. Iliwaka mwanga mweupe, mpaka wateja wawili waliokuwa nyuma yangu wakafunika macho.

"Hii ni nzima, mwalimu."

Nilisema huenda inawaka nje ya gari pekee. Aliniuliza nani aliniambia ni ya kushoto, na huyo mtu alikuwa amesimama wapi. Nikamweleza kuhusu mke wangu na tangi la maji. Nilipofika kwenye maneno "mbele ya gari" nilisikia sauti yangu ikipungua.

"Kushoto kwake ni kulia kwa gari," akasema. "Ulitufundisha wewe mwenyewe, na kioo ulikileta darasani." Halafu, kwa upole, akauliza, "Na hukuwasha taa uangalie?"

Swali hilo lilikuwa jepesi mno. Halikuwa limenijia.

Alitoka nje mwenyewe, akavuka barabara hadi kwenye gari, akarudisha balbu nzima mahali pake, akachomoa ile ya upande wa dereva, nyeusi kama mkaa. Akavaa miwani, akasoma namba ndogo zilizochapwa kwenye kitako chake, akaniletea nyingine yenye namba zilezile. Kazi yote haikumaliza dakika tano. Wale wateja wawili walitufuata kuja kutazama.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilipanga maneno: kwamba balbu za gari letu ni adimu, kwamba nimezunguka mji mzima. Mke wangu alinifungulia geti akiwa tayari anacheka. Yeye na yule mama wa dukani wako chama kimoja cha akiba, na simu ilikuwa imenitangulia.

Jumamosi tulipita Gilgil taa zote mbili zikiwaka, na askari alitupungia mkono tupite. Huko Longonot mke wangu alimsimulia mama yake habari yote tukinywa chai, hakuacha hata leso. Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima sana, hajawahi kunicheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole kwa vidole vyangu. Kisha akamgeukia binti yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba taa ya jikoni imekufa tangu juzi, lakini nisiambiwe, ameshamwita fundi.